Mwaloni Umefungua Macho

Jumamosi, 10 Februari 2007

Mwalimu Cleopas, leo nimefungua daftari ulilonipa siku ya mwisho pale Eastleigh. Uliniambia nilirudishe kwa posta likiwa limejaa msimu mmoja wa kweli, kwa Kiswahili, bila kujipamba. Mwaka mzima umepita nikisema nitaanza kesho. Sasa naahidi: nitaandika yote, hata yatakayonitia aibu. Hasa hayo.

Alhamisi theluji ilianguka na shule ikafungwa. Leo yamebaki matope na mabaki machache ya theluji. Nilimpeleka mdogo wangu Nafiso kwenye bustani ya Sparkhill, akataka mikono ya mtu wake wa theluji. Nikashika tawi la mti mkubwa wa kwenye kona. Nikasikia nyuma yangu:

"Wewe! Hapana vunja hiyo!"

Kwa Kiswahili, Mwalimu. Hapa Birmingham. Nikaganda na tawi mkononi. Alikuwa mzee wa Kisikh, kilemba chake rangi ya zambarau, amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine.

"Wewe natoka wapi?"

"Nairobi, Mzee. Eastleigh."

"Msomali ya Eastleigh." Alisema kama daktari aliyetambua ugonjwa. "Mimi iko Elburgon. Mashini ya mbao. Miaka kumi na nane. Sasa angalia." Akainua fimbo hadi kwenye ncha ya tawi, kwenye kidonge cha kahawia kisichozidi punje ya mtama. "Hii iko jicho. Ndani yake majani nalala. Wewe nataka mtu navunja jicho yako?"

Ngeli zote alizivuruga, lakini neno alilijua. Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mmea una macho. Watoto wenzangu wa hapa hawalijui hata kwa Kiingereza.

Jumanne, 13 Februari

Mvua.

Jumapili, 25 Februari

Anaitwa Swaran Singh na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama anasema nisimzoee, akiniita hooyo, neno letu la Kisomali la kumbembeleza mtoto. "Huyo mzee ni mkali, hooyo. Amegombana na watu wa baraza la jiji kwa sababu walipunguza matawi. Amegombana na mtu wa maziwa. Sijui maziwa yalimkosea nini."

Mimi pia namwona mkali. Amenisahihisha namna ya kufunga geti la bustani.

Jumamosi, 3 Machi

Leo nimeona vitabu vyake.

Alinikuta kwenye mwaloni (ndilo jina la mti ule) nikihesabu macho ya tawi moja, akaniita kwao. Chumba cha mbele kina rafu moja tu, na juu yake daftari thelathini na saba za jalada gumu, kuanzia 1970 hadi mwaka jana. La mwaka huu liko mezani. Kila moja ni mwaka mmoja wa mti uleule mmoja.

Nilimuuliza mbona ameziandika kwa Kiswahili. Akashangaa swali lenyewe. Kule Elburgon ndiye aliyekuwa msimamizi, na kitabu cha mashine kiliandikwa kwa lugha ambayo kila mtu wa zamu aliweza kuisoma. Alipofika hapa mwaka 1968 akafanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma, akaona hakuna mtu anayeandika chochote kuhusu miti, akanunua daftari. Kipimajoto hukisoma mara mbili kwa siku, kama alivyozoea Elburgon: msumeno haujawashwa, na msumeno ukishazimwa. Juu ya safu ameandika saa 1 na saa 12. Safu ya mwisho ni macho: yamelala, yamevimba, yamefunguka.

Mkaza mwanawe Charanjit aliingia na chai. Aliniambia kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba mwisho wa Julai wanamhamishia Mzee mtaa wa mbali, Sutton Coldfield, na kwamba chumba alichotengewa ni kidogo. "Kitanda, kiti, picha ya mama. Hizi haziwezi kuja."

Mzee alimsubiri atoke.

"Iko ofisi," akasema. "Nakusanya tarehe ya miti kutoka watu ya kawaida. Mwisho ya kupeleka iko Mei kumi na moja. Mimi macho nakufa, mtoto wa jicho pande zote mbili. Yule vijana yangu hapana jua Kiswahili. Wewe nasoma Kiswahili ya shule." Akapapasa migongo ya daftari. "Hapana pokelewa, hii yote naenda pipa ya takataka. Miaka yangu yote hapa, pipa ya takataka."

Nilisema nitafanya. Nilisema haraka mno, kabla ya kuhesabu daftari tena.

Jumanne, 20 Machi

Baridi imerudi, mvua ya barafu njia nzima ya kwenda shule. Nilidhani macho ya mwaloni yatakufa. Babu (ndivyo ninavyomwita sasa, alinuna mara moja tu) alicheka.

"Mti iko karani. Nahesabu baridi kwanza, halafu nahesabu joto. Ikitosha, nafungua. Hapana fungua kwa sababu wewe naona jua siku moja."

Shuleni nilimuuliza Miss Gill, mwalimu wetu wa sayansi, naye akaeleza jambo lilelile kwa dakika ishirini na mchoro: mti wa nchi za baridi unahitaji majira ya baridi ya kutosha ili usingizi wake uishe, kisha joto linalojilimbikiza siku baada ya siku ndilo linaloupa ruhusa. Joto likija mapema, majani huja mapema. Nilimpelekea Babu taarifa hiyo.

"Yeye nalipwa kwa hiyo?" akauliza.

Jumamosi, 7 Aprili

Alibisha mlango wetu tukiwa tunafungua kinywa. "Kuja! Sasa!" Mama alitoka na unga mikononi, akiamini nyumba inaungua.

Jicho limefunguka. Kijani kidogo kilichokunjamana kama kitambaa kilichotolewa mfukoni. Babu hakuweza kukiona vizuri, ikabidi nikieleze, naye akanihoji kama polisi: ni jani zima au ncha tu? Limeachana na magamba? Upande gani? Kisha akasema tarehe kwa sauti, nami nikaiandika kwa mkono wangu kwenye daftari la 2007.

Mwaka 1970 ilikuwa tarehe 4 Mei. Mwaka 1986, 9 Mei. Jioni nilikaa na hesabu. Miaka yake kumi ya kwanza, kwa wastani, mti ulifunguka tarehe 29 Aprili. Miaka kumi ya mwisho, 13 Aprili. Siku kumi na sita! Nilikwenda mbio kumwambia, nikicheka, kwa sababu hesabu ilikuwa imekubali.

"Wewe nacheka nini?" akasema. "Mtu nakuja harusi wiki mbili kabla, chakula hapana pikwa, bibi harusi hapana vaa. Hiyo iko mgeni nzuri?"

Nikaacha kucheka.

Jumapili, 15 Aprili

Joto kama la Nairobi mwezi wa pili. Barabara ya Stratford imejaa watu wenye aiskrimu. Kila mtu anasema ni siku nzuri. Nilimsikia Babu akimwambia mwanamume asiyemjua, pale kituo cha basi, kwamba si siku nzuri. Yule mtu akahamia mwisho wa foleni.

Ijumaa, 27 Aprili

Ninachapa kwenye kompyuta ya maktaba ya shule wakati wa chakula. Nina dakika arobaini kila siku, na nimefika 1991. Nimejifunza kula mkate kwa mkono mmoja.

Safu za nambari zinakwenda upesi, maana nambari hazihitaji kutafsiriwa. Tarehe, 1, 12, macho. Maelezo ndiyo yanayonitoa jasho. Nitaandikaje kwa Kiingereza "mti nakasirika"? Mei 1979: "Baridi imechoma majani mpya, nyeusi yote. Mti nalala tena wiki mbili, halafu naanza upya. Nguvu nyingi imepotea bure." Mwaka 1988 ametaja kifo cha mkewe kwa maneno matatu, katikati ya vipimo. Siku hiyo pia alisoma kipimajoto mara mbili.

Nilimdhania mkali. Sasa nadhani ni mtu ambaye hakuna aliyemuuliza kitu kwa muda mrefu.

Ijumaa, 11 Mei

Tumetuma. Kurasa mia moja na kumi na mbili. Miss Gill alinisahihishia Kiingereza cha maelezo, akasema kazi hii ingemstahili mwanafunzi wa chuo. Nilitembea kutoka kituo cha basi kama mtu aliyevaa viatu vipya.

"Naandika yote sawa?" Babu akauliza.

"Yote, Babu."

"Umehakikisha?"

"Nimehakikisha."

Akanipa peremende iliyoshikamana na karatasi yake. Niliila yote, na karatasi kidogo.

Jumatatu, 21 Mei

Kwenye ukuta wa nyuma wa Babu kuna kisanduku cha ndege, wale wadogo wa buluu na manjano. Juzi alinitaka nikifungue. Vifaranga watano, wote wamekufa, wembamba kama vidole vya Nafiso. Mama yao hakuwepo.

Babu aliniambia sababu huku nimewashika kwenye gazeti. Ndege hawa huwalisha watoto wao viwavi, na viwavi hula majani machanga ya mwaloni. Majani yalikuja mapema, viwavi nao wakawahi, wakala, wakashiba, wakashuka ardhini kujifunika. Ndege alitaga karibu na siku zake za kawaida. Watoto walipofungua midomo, chakula kilikuwa kimekwisha.

Miss Gill alisema huenda ni hivyo, lakini pia mvua imenyesha wiki nzima, na kiota kimoja si ushahidi. Nilimwambia Babu.

"Kweli," akasema. "Kwa hiyo naandika kiota moja. Mtu mwingine naandika kiota moja. Ofisi najumlisha. Ndiyo maana ya ofisi."

Sijawahi kumsikia akikubaliana na mtu kabla ya leo. Anaiamini sana ile ofisi.

Jumamosi, 2 Juni

Barua imekuja, kwa jina lake. Aliishika mfukoni tangu posta ilipopita mpaka nilipotoka madrasa, akakaa kwenye kiti chake, akavua miwani ambayo haimsaidii, akasema, "Soma."

Nilisoma. Walimshukuru. Walisema wamesikitika. Walisema vipimo viwili vya kila siku vinapingana kwa namna isiyowezekana, tena kwa miaka yote thelathini na saba, hata inaonekana havikusomwa bali vilijazwa. Na kwa kuwa vipimo haviaminiki, tarehe za majani nazo haziwezi kuingizwa.

Palikuwa na aya nyingine yenye nambari, lakini sikutaka asikie zaidi, nikaipita.

"Vilijazwa," akasema Babu. "Nasema mimi mwongo."

"Hawakuandika mwongo, Babu."

"Kiingereza hapana andika mwongo. Naandika 'tumesikitika'."

Charanjit alikuwa mlangoni. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekosa la kufanya na mikono yake. "Baba ji, ni karatasi tu," akasema kwa Kiingereza.

"Ndiyo," akajibu. "Karatasi tu."

Nilitaka kumshika mkono lakini sikujua kama inafaa. Nilisema, "Hawa watu hawajui kumwamini mtu, Babu. Hawakuwahi kumwona mtu kama wewe." Nilikuwa na hasira ya kweli. Nilisema mengi mabaya juu ya ofisi ile, naye aliitikia kwa kichwa kila neno.

Jumanne, 5 Juni

Mtihani wa historia. Mvua.

Jumatano, 6 Juni

Mwalimu, ukurasa huu nimeuanza mara tatu. Niliahidi yote.

Mama ana kazi ya kufungasha mizigo kwenye ghala kule Washwood Heath, na zamu zake hubadilika. Leo tulipotoka shule alikuwa kwenye simu na mwenzake. "Kesho naingia saa moja," akasema. Nafiso, ambaye husikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, akaruka kutoka kwenye kiti, akitaka asukwe nywele asubuhi: "One o'clock? Then you can do my hair before school!"

Mama akacheka. Mimi nikacheka zaidi. "Saa moja asubuhi, wewe! Seven! Saa moja ya Kiswahili ni—"

Sikumaliza. Nilipanda ngazi, nikatoa nakala yangu ya kurasa zile mia moja na kumi na mbili. Juu ya kila safu, kwa herufi nilizozichagua mwenyewe kwa sababu zilipendeza: 1 o'clock. 12 o'clock.

Saa moja ya Babu ni asubuhi, msumeno haujawashwa. Saa kumi na mbili ni jioni, msumeno umezimwa. Nimewaambia Waingereza kwamba ni adhuhuri na saa saba mchana. Nimewaambia kwamba kila siku, kwa miaka thelathini na saba, joto la Birmingham lilianguka nyuzi sita kati ya adhuhuri na saa inayofuata. Wangeamini vipi? Mimi mwenyewe nisingeamini.

Nambari hazihitaji kutafsiriwa. Rudi nyuma uone, nimeiandika sentensi hiyo kwa majivuno tarehe 27 Aprili. Na wewe, Mwalimu, ndiye uliyechora saa kwa chaki sakafuni tukiwa darasa la pili, ukanisimamisha katikati niwe mshale.

Nilikimbia mvuani bila koti. Niliyapanga maneno njiani: kosa ni langu, si lako, wala si la ofisi, tutaandika upya, tutapeleka vitabu vyenyewe wavione. Nilikuwa karibu na furaha, naapa.

Alinifungulia mwenyewe. Rafu ilikuwa tupu, na meza pia.

"Jana siku ya pipa," akasema. "Mimi mwenyewe nabeba. Charanjit nasema ngoja, mimi nasema hapana. Safari nne mpaka nje. Halafu gari nakuja."

Kulikuwa na mstari wa vumbi ukutani, pale migongo ya daftari ilipoegemea.

"Wewe nataka nini? Nalowa yote."

"Nilikuja kukusalimia tu, Babu," nikasema.

Jumatatu, 11 Juni

Nilimwambia Miss Gill. Uso wake ulibadilika rangi, akasema hata yeye alipitia kazi hiyo na hakuuliza. Aliandika barua pepe ofisini papo hapo, akaeleza saa ya Kiswahili inavyohesabiwa kutoka macheo.

Ijumaa, 15 Juni

Wamejibu. Ningependa wangekuwa wabaya. Mwanamke aliyeandika aliomba radhi kwa lile neno "vilijazwa". Alisema amegeuza saa kama tulivyoeleza na kila kitu kimekaa sawa. Mti mmoja katikati ya jiji, mtu mmoja, miaka thelathini na saba bila kukosa: hajapata kuona rekodi kama hiyo kutoka mtaa kama wetu. Kinachotakiwa sasa ni vitabu vyenyewe, kwa ajili ya kuthibitisha, kwa kuwa walikwisha kutia shaka. Bila vitabu hawawezi.

Daftari moja ninalo. La 1986. Nilikuwa nimelipeleka shule kumwonyesha Miss Gill michoro ya macho, likabaki kwenye begi langu chini ya viatu vya michezo. Mwaka mmoja wa mti si kitu. Babu mwenyewe angekwambia.

Jumapili, 17 Juni

Mvua. Mvua tena. Kwenye redio wanataja mito.

Jumatano, 20 Juni

Nilipita na Babu bustanini. Hakugeuza kichwa kwenye mwaloni. Majani sasa ni makubwa, ya kijani kizito, na mengi yana matundu. Nilimwambia kuhusu matundu. Akasema, "Mimi hapana kuwa karani tena."

Kisha akaanza juu ya ofisi. Kila siku anaanza juu ya ofisi. Amemwambia mwanawe Navdeep, amewaambia watu wa gurdwara, hekalu lao, amemwambia mtu wa maziwa, ambaye sasa wamepatana: arobaini miaka unakaa nchi ya watu, unasoma kipimajoto yao, wanakuita mwongo. "Na wewe nasema kweli siku ile," akaniambia. "Mtoto peke yake nasema kweli. Hapana jua kuamini mtu."

Hayo ni maneno yangu mwenyewe ananirudishia.

Ijumaa, 22 Juni

Daftari lako limebaki ukurasa mmoja, Mwalimu, na kesho Mama ataniachia muda wa kwenda posta. Nimehesabu: siku kumi kufika Nairobi, siku kumi kurudi. Babu anahama Jumamosi, tarehe 28 Julai. Ukijibu siku utakayolipokea, nitakuwa na wiki mbili.

Nimefikiri pande zote. Nikimwambia, atajua kwamba si mwongo, kwamba kuna mwanamke ofisini aliyeomba radhi, na kwamba hesabu zake zilikaa sawa. Lakini pia atajua kwamba alipovibeba vitabu vyake nje, safari nne, hakukuwa na sababu; kwamba vilihitaji kungoja siku moja tu, mpaka Nafiso aulize kuhusu nywele zake. Nisipomwambia, ataondoka akiwachukia watu ambao safari hii hawakumkosea, na ataendelea kunipa peremende.

Miss Gill anasema uamuzi ni wangu. Mama anasema mzee aachwe na amani, lakini sioni amani pale, naona rafu.

Daftari la 1986 nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki lisiingie unyevu. Mwaka huo mti ulichelewa kuliko miaka yote, tarehe 9 Mei, na pembeni ameandika: "Baridi ndefu. Watu nasema umekufa. Mimi nangoja."

Mwalimu, wewe uliyekuwa ukinirudishia insha yenye kosa moja na kunitaka niiandike yote upya, nijibu kwa posta ya kwanza: nimpelekee daftari hili na nimwambie, au kuna makosa ambayo mtu huyabeba peke yake?